Misuli inacheza wiki ya tisa sasa, na miguu ganzi ganzi: nipime nini, niache nini?

Sisimizi (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za humu. Naweka taarifa zote mapema ili tusizunguke.

Mwanaume, miaka 34, kilo 78. Sukari sijawahi kupima, presha ya kawaida, VVU hasi. Kazi ya zamu: wiki mbili usiku, wiki moja mchana. Vigimbi vyote viwili vinacheza vyenyewe nikikaa au nikilala. Nikivimulika kwa tochi ya simu naona ngozi inatutumka kama kuna mdudu chini yake, mara 20 hadi 30 kwa dakika. Nikisimama kutembea vinatulia. Kope ya kushoto nayo ilicheza siku kumi ikaacha, ikaja zamu ya kidole gumba, kisha bega, kisha paja. Ukiacha vigimbi, hakuna sehemu inayocheza zaidi ya siku mbili tatu.

Halafu kuna ganzi. Nyayo zote mbili zinachoma kama sindano ndogo ndogo, wiki ya tatu sasa. Nikiamka asubuhi, kidole cha mwisho na nusu ya kidole cha pete mkono wa kushoto vimekufa ganzi kwa dakika tano hivi.

Nguvu zipo, napanda ghorofa tatu bila kushika ukingo, lakini mguu wa kushoto nauhisi mzito. Nilipotafuta mtandaoni nikaangukia ALS, ule ugonjwa wa kuoza neva za mwendo hadi mtu anapooza. Tangu siku hiyo natembea kwa visigino chumbani kila asubuhi na jioni, napima vigimbi kwa tepu ya fundi cherehani (kushoto sm 37, kulia sm 37.5), na nikitoa ulimi kwenye kioo unatetemeka.

Naomba kujua: misuli kucheza bila udhaifu inaweza kuwa mwanzo wa ALS? Damu nipime nini hasa? Na kile kipimo cha umeme wa misuli, EMG, ni lazima?

---

NyundoYaGoti

Mkuu, nianze na hiyo nusu sentimita maana ndiyo inayokunyima usingizi bila kosa. Miguu ya binadamu hailingani. Tofauti iliyo chini ya sentimita moja haimshtui daktari yeyote, na tepu ukiisogeza juu kidogo tu au ukiibana zaidi mguu mmoja, umejitengenezea hiyo nusu mwenyewe. Anayepima kwa kazi huweka alama ya kalamu, tuseme sm 10 chini ya goti kila mguu, mgonjwa amelegeza misuli. Wewe unapima kwa macho, umeinama, umekaza kigimbi.

Ulimi vilevile. Ulimi uliotolewa nje hutetemeka kwa kila mtu kwa sababu ni msuli unaoshikiliwa hewani. Hukaguliwa ukiwa umelala ndani ya mdomo, mdomo wazi, na kinachotafutwa ni kuchezacheza kunakoendelea hata umetulia, pamoja na kingo zilizoliwa au kunywea. Jikague nje utaona ugonjwa kila siku.

Sasa kwa nini msuli unacheza. Seli ya neva ya mwendo inakaa kwenye uti wa mgongo na kutuma waya mmoja mrefu hadi kwenye msuli, na mwishoni waya huo hugawanyika ukashika nyuzi nyingi za msuli. Kwenye misuli inayozungusha mboni, waya mmoja unaweza kushika nyuzi kumi hivi. Kwenye kigimbi ni zaidi ya elfu moja. Ncha ya waya ikijifyatua bila amri ya ubongo, nyuzi zake zote hukaza pamoja mara moja kisha kulegea, ndipo unaona ngozi imetutumka. Kufyatuka huko huongezeka ncha zikiwa zimechokozwa: kafeini, kukosa usingizi, homoni za hofu, mazoezi makali, chumvi za damu kuyumba, tezi ya shingo kufanya kazi kupita kiasi. Vigimbi huongoza kwa watu wazima. Na vikitulia ukitembea hakuna ajabu, ubongo ukishika usukani vile vidogo vya pembeni havionekani.

ALS inakwenda kwa mpangilio mwingine. Ugonjwa unaua seli yenyewe, kwa hiyo nyuzi zinabaki bila neva ya kuziamuru na msuli unanywea. Mara nyingi mgonjwa haji kwa daktari akilalamika msuli unacheza. Anakuja kwa sababu ameshindwa: kufunga kifungo, kuzungusha ufunguo, ncha ya mguu inakwaruza chini, maneno yanamtoka kama mlevi. Kucheza kwa msuli daktari ndiye anamwonyesha. Huanzia sehemu moja, hubaki pale na kudhoofisha pale, kisha husambaa jirani. Kwako kunaruka kope, gumba, bega, paja, na hakuna kinachoharibika nyuma yake.

Nisikudanganye, wapo wachache ambao kucheza kulitangulia udhaifu. Ndiyo maana uchunguzi wa mikono wa mtu anayejua unahitajika mara moja, sawasawa. Ukitoka safi, kuna utafiti wa Mayo Clinic huko Marekani uliochapishwa 1993: wagonjwa 121 wenye misuli inayocheza, uchunguzi na EMG vikiwa havina tatizo mwanzoni, walifuatiliwa kati ya miaka 2 na 32. Hakuna hata mmoja aliyepata ALS.

Ganzi inakusaidia zaidi ya unavyodhani. ALS kwa kawaida haigusi neva za hisia. Nyayo zinazochoma zinanipeleka kutafuta sukari, vitamini, dawa, kabla ya kufikiria ugonjwa huo. Vidole viwili vya mkono wa kushoto ni kiwiko: pale unapojigonga ukasikia umeme ndipo neva hiyo inapopita karibu na ngozi, na ukilala mkono umekunjwa inabanwa usiku kucha. Funga taulo kuzunguka kiwiko kwa plasta au soksi iliyokatwa, lengo mkono usikunjike kupita pembe mraba, fanya hivyo wiki tatu hadi sita. Mchana usiegemee kiwiko mezani na usishike simu sikioni muda mrefu kwa mkono huo. Ganzi ikianza kukaa mchana kutwa, au ule msuli kati ya gumba na kidole cha shahada ukibonyea, hiyo si ya taulo tena.

---

Mama_Maabara

NyundoYaGoti kamaliza upande wake, naja na damu.

Kwa hali yako ningeomba: sukari ya kufunga, saa 8 bila kula, maji ruhusa, au HbA1c (wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu) kama hupati nafasi ya kufunga, TSH ya tezi ya shingo, kalsiamu pamoja na albumini (protini ya damu), magnesiamu, potasiamu, kreatinini ya figo, vitamini B12, na FBP, yaani hesabu kamili ya chembe za damu. Sukari ya kufunga ya 7.0 mmol/L na kuendelea, au HbA1c ya 6.5% na kuendelea, ni kisukari ikirudiwa na kutoka vilevile. Potasiamu ya kawaida ni 3.5 hadi 5.0 mmol/L. Magnesiamu takriban 0.7 hadi 1.0. Kalsiamu takriban 2.1 hadi 2.6, na albumini ikiwa chini ya 40 g/L, kila gramu inayopungua huongezewa 0.02 kwenye kalsiamu kabla ya kusoma. Wengi hawafanyi hesabu hiyo, mtu anaandikiwa kalsiamu bure.

Magnesiamu ina hila yake. Iliyo kwenye damu ni chini ya asilimia 1 ya ile ya mwili wote, kwa hiyo jibu lililo ndani ya mstari halifuti upungufu. Na ikiwa chini kweli, inavuta potasiamu na kalsiamu chini pamoja nayo, na hizo hazipandi hata ukinywa ndoo mpaka magnesiamu irekebishwe kwanza.

FBP nzuri pia haifuti upungufu wa B12. Neva zinaweza kuumia wakati damu bado iko sawa.

Kuna kipimo cha CK, kimeng'enya cha misuli, ambacho watu hukimbilia. Kama ni lazima, usifanye mazoezi mazito wala kuchomwa sindano ya msuli siku tatu kabla. Na ujue kwamba wanaume weusi, hasa wenye misuli, CK yao huwa juu kuliko kiwango kinachochapishwa kwenye karatasi za mashine. Jibu lenye alama nyekundu pembeni si lazima liwe ugonjwa.

Kuchukua damu nako kunaharibu majibu. Mpira ukifungwa mkononi muda mrefu na mtu akafumba na kufumbua ngumi, potasiamu inapanda. Damu ikivunjika ndani ya bomba, inapanda tena.

Sasa maswali yangu: unakunywa dawa gani, hata zile za dukani usizohesabu kuwa dawa? Kahawa, chai, vinywaji vya kuongeza nguvu? Miraa? Kazi yako inakukutanisha na dawa za kunyunyizia mimea?

---

Kiboko_Msafi

Mimi nakazia vipimo vikubwa. Mkuu nenda hospitali ya rufaa, piga EMG na MRI (picha ya sumaku) ya mgongo wote wiki hii hii, roho itulie. Kujua ni bora kuliko kukisia.

---

Sisimizi

Asanteni sana. Mama, majibu: omeprazole mg 20 asubuhi na jioni kwa ajili ya vidonda vya tumbo, mwaka na nusu sasa. Kinywaji cha kuongeza nguvu chupa tatu za ml 250 kila zamu ya usiku, na vikombe viwili vya kahawa. Miraa hapana, dawa za mimea hapana. Nalala jumla ya saa nne au tano tu. Wiki ya sita sasa natumia vidonge vya mishipa, vile vya B1, B6 na B12, viwili kwa siku, nilivyoshauriwa dukani baada ya kusema misuli inacheza. Kwenye pakiti B6 ni mg 200 kwa kidonge.

Kiboko, hiyo MRI ndiyo ilikuwa mpango wangu.

---

Dozi_Kamili

Hapo kwenye B6 simama kwanza.

Mtu mzima wa umri wako anahitaji takriban mg 1.3 za B6 kwa siku. Wewe unameza 400. Ni zaidi ya mara mia tatu. B6 nyingi kwa muda huumiza neva za hisia, na dalili yake ya kwanza ni ileile uliyoieleza: nyayo kuchoma na ganzi inayoanzia chini. Marekani kikomo cha juu cha mtu mzima ni mg 100 kwa siku. Ulaya mwaka 2023 walikishusha hadi mg 12. Rudi kwenye maelezo yako mwenyewe: misuli ilianza wiki ya tisa iliyopita, vidonge wiki ya sita, nyayo wiki ya tatu. Siwezi kuapa kwa kutazama skrini, lakini mfuatano huo daktari lazima ausikie. Acha vidonge hivyo leo. Ganzi ikizidi kidogo wiki chache baada ya kuacha usishtuke, sumu hii ina tabia ya kusogea mbele kabla ya kurudi nyuma.

Angalizo kwa wanaosoma: anayetumia isoniazid ya kifua kikuu hupewa B6 kidogo, kama mg 25, kuzuia isoniazid isiharibu neva. Hiyo iendelee. Tatizo ni dozi kubwa za kujinunulia.

Halafu jambo dogo la B12: kwa kuwa vidonge vyako vina B12 ndani, kipimo kitatoka juu. Hakitakwambia ulikuwaje kabla. Mwambie daktari umekuwa ukimeza kwa wiki sita ili asisome namba hiyo kama imetoka kwenye chakula.

Omeprazole kwa mwaka mzima au zaidi inaweza kushusha magnesiamu, mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo hilo 2011, na inapunguza ufyonzaji wa B12. Usiikate ghafla. Tumbo lililozoea huachia asidi kwa kasi na utaamini vidonda vimerudi. Njia ya kawaida ni kushuka kutoka mbili hadi moja kwa siku kwa wiki mbili, kisha siku moja ndiyo siku moja hapana, ukiwa na dawa ya kutuliza asidi ya kutafuna pembeni, na yote hayo kwa idhini ya aliyekuandikia. Kwanza muulize kama uliwahi kupimwa bakteria wa vidonda, H. pylori, kwa choo. Mwaka na nusu wa omeprazole bila kipimo hicho ni kuzima king'ora na kuacha moto. Kipimo kinataka omeprazole isimame wiki mbili kabla, la sivyo kinaweza kusema hakuna bakteria na wapo.

Kafeini. Vinywaji vingi vya aina hiyo vina mg 32 kwa kila ml 100, soma kibandiko chako. Chupa tatu za ml 250 ni mg 240. Kahawa mbili, kadiria mg 160 hadi 200. Umefika mg 400, kiwango ambacho kwa mtu mzima mwenye afya ndicho mwisho wa usalama wa siku nzima, na wewe unakimaliza usiku mmoja kisha unajaribu kulala asubuhi. Nusu yake hukaa mwilini kama saa tano. Punguza chupa moja kila siku tatu. Ukiacha zote kwa mpigo kichwa kitakugonga kuanzia siku ya kwanza au ya pili, na kinaweza kuendelea wiki. Kinywaji cha mwisho kiwe saa nane kabla ya muda wako wa kulala, hata kama muda huo ni saa tatu asubuhi.

Magnesiamu ya chakula: maharage, karanga, mbegu za maboga, mchicha, dona badala ya sembe. Ya vidonge isubiri majibu ya figo, kwa sababu figo mbovu haziitoi. Kwa wenye figo nzima huishia kuharisha tu. Na tafadhali asitokee wa kukushauri kwinini kwa ajili ya misuli. Inaweza kuvuruga mapigo ya moyo na kushusha chembe za kugandisha damu, haifai kwa jambo hili.

Kwa wakulima wanaosoma: misuli inayocheza baada ya kunyunyizia dawa za wadudu, ikiambatana na mate mengi, jasho, mboni kuwa ndogo na kifua kubana, ni sumu. Vua nguo, oga kwa sabuni na maji mengi, nenda hospitali saa hiyo hiyo na chupa ya dawa mkononi.

---

NyundoYaGoti

Naomba nipingane na Kiboko_Msafi, kwa heshima.

MRI ya mgongo kwa mtu asiye na udhaifu, asiye na maumivu yanayoshuka mguuni na mwenye reflexi nzuri (mguu kuruka goti likigongwa) haitulizi roho. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa 2015 yalionyesha kuwa watu wa miaka 20 wasio na malalamiko yoyote ya mgongo, asilimia 37 tayari picha zao zina diski (mito laini kati ya mifupa ya mgongo) zilizochakaa na asilimia 30 zina diski zilizotokeza. Umri ukipanda namba zinapanda. Sisimizi atatoka na karatasi yenye neno "imetokeza", na wiki ijayo tutakuwa na uzi mwingine wa upasuaji wa mgongo.

EMG ni suala tofauti. Ni kipimo kizuri kikiamuliwa na aliyekugusa kwanza, na si lazima kwa kila kope inayocheza. Kina sehemu mbili: kupitisha umeme mdogo kwenye neva na kupima kasi yake, kisha sindano nyembamba ndani ya misuli kadhaa. Kati ya dakika 30 na 60. Siku hiyo usipake mafuta wala losheni kwenye mikono na miguu, vibandiko havishiki. Mkono ukiwa baridi, chini ya nyuzi 32 hivi, kasi ya neva inasoma pole kuliko ilivyo, kwa hiyo chumba kikiwa na kiyoyozi kikali omba mikono ipashwe kwa maji ya uvuguvugu. Taja kama unatumia dawa za kuyeyusha damu au una kifaa cha moyo.

Na hapa ndipo wenye wasiwasi huteleza: ripoti inaweza kuandika kwamba fasikulesheni zimeonekana. Hilo ni jina la kitabibu la msuli kucheza, yaani mashine imeona ulichokwisha kuona kwa tochi ya simu. Kinachoangaliwa ni kama zimeambatana na dalili za nyuzi kupoteza neva yake: fibrilesheni na mawimbi chanya makali (umeme wa nyuzi zilizoachwa bila neva), na ishara ya waya mmoja na nyuzi zake iliyokuwa kubwa isivyo kawaida. Zikiwa peke yake na mengine yakawa sawa, ndiyo hali tunayoiita isiyo na madhara. Soma mstari wa hitimisho, usisome jedwali.

Kwa mpangilio: anza na daktari wa hospitali ya wilaya au mkoa. Akague nguvu, reflexi, hisia za mguuni kwa uma wa mtetemo (chuma kinachotetemeka kikigongwa), msuli ulionywea. Damu. Rekebisha kafeini, B6, usingizi. Wiki sita hadi nane baadaye akukague tena. Reflexi zako zinaweza kuruka sana siku hiyo kwa hofu tu. Zikiwa sawa pande zote na unyayo ukikwaruzwa ukijibu kawaida, hazina neno.

Yasiyongoja miadi: udhaifu wa miguu unaopanda juu kwa saa au siku chache, kushindwa kukojoa au kuvuja, ganzi ya sehemu ya kukalia, uso au upande mmoja kulegea, kushindwa kumeza au kupumua. Ya kuwahi ndani ya wiki mbili: mguu unaopiga chini kofi ukitembea, vitu kudondoka mkononi mara kwa mara, maneno kukokota ambako watu wengine wameona, msuli ulionywea ambao mtu mwingine ameuona bila wewe kumwonyesha.

Huo "uzito" wa mguu wa kushoto ni hisia. Mguu unaopanda ghorofa tatu ni mguu mzima. Daktari anauliza umeshindwa nini, haulizi unahisije.

---

Mtulivu_Pwani

Kaka Sisimizi, dawa na damu umepewa. Nami naingia kwenye kisigino chako cha asubuhi na jioni.

Ukitembea kwa visigino mara mbili kila siku, ukikaza vigimbi kuvipima, ukisimama ncha za vidole kuhakikisha, unachosha msuli uleule unaoulinda. Msuli uliochoka unacheza zaidi. Unaona umecheza zaidi, unapima tena. Tochi ya simu nayo: hakuna anayemulika kigimbi chake nusu saa usiku asione kitu. Homoni za hofu zinachokoza ncha za neva, na pumzi ya haraka ya mtu mwenye hofu inatoa hewa ya ukaa nyingi mwilini, damu inakuwa na ualikali zaidi, kalsiamu iliyo huru inashuka, na hapo midomo na ncha za vidole zinaanza kuchonyota. Ni ganzi ya kweli kabisa, iliyotengenezwa na pumzi. Ikikushika vuta hewa kwa puani sekunde nne, itoe sekunde sita, dakika kumi, tumbo ndilo lipande badala ya kifua. Mfuko wa karatasi usitumie.

Fanya hivi. Tepu mpe mtu akaifiche. Chagua siku moja kwa wiki, tuseme Jumapili saa nne asubuhi, fanya majaribio manne mara moja tu: hatua kumi kwa visigino, hatua kumi kwa ncha, kuinuka kwenye kiti bila mikono mara tano, kufunga vifungo vya shati. Andika neno moja: "nimeweza" au "nimeshindwa". Usiandike "nzito", "kama vile", "nadhani". Dakika tano zimekwisha, daftari lifungwe hadi Jumapili ijayo.

Hamu ya kujikagua katikati ya wiki itakuja, hasa siku nne tano za mwanzo, na itakuwa kali kuliko sasa. Usipambane nayo kwa kusema "sitaangalia kamwe". Iahirishe dakika kumi kwa saa, ukifanya kitu cha mikono. Ikibaki, iahirishe tena kumi. Wengi hugundua inapanda kisha inashuka yenyewe bila kupewa chakula. Wiki ya pili ahirisha nusu saa.

Kutafuta mtandaoni sifuri. Kutafuta huanza na swali lenye jibu na kuishia kwa swali lisilo na jibu, kwa sababu hakuna ukurasa unaoweza kukuhakikishia asilimia mia. Mtu akijaribu kuipata hiyo mia, kila jibu linamletea "lakini je". Waliopona hawarudi kuandika. Walio na hofu huandika kila usiku, ndio unaowasoma. Na uzi huu wenyewe, samahani wakuu, ni aina ya kujikagua. Ukirudi hapa kesho na msuli mpya utakuwa umerudi kwenye tepu.

Kama kuna mke au ndugu unayemuuliza "hebu angalia hapa", kubalianeni jibu moja: "tulishasema Jumapili." Akikupoza kila mara kwa huruma, utulivu unadumu dakika ishirini, kisha unamhitaji tena.

Ukiona zaidi ya saa moja ya siku inaliwa na hili kwa wiki kadhaa, omba pia daktari akupime wasiwasi kwa maswali ya GAD-7. Ni maswali saba, kila moja alama 0 hadi 3, na kuanzia 10 inafaa kuzungumza na mtaalamu wa afya ya akili. Kuna tiba ya mazungumzo na kuna dawa; za kundi la sertraline au fluoxetine huchukua wiki nne hadi sita kufanya kazi, na wiki za mwanzo zinaweza kuongeza kutetemeka kidogo, usiziache ukidhani ugonjwa umezidi. Diazepam ya kununua kichochoroni usiiguse. Inatuliza misuli usiku tatu, ukiacha inacheza maradufu.

---

Sisimizi

Nimeelewa. B6 nimeacha leo. Chupa tatu zimekuwa mbili. Nina miadi Alhamisi. Nimeandika karatasi moja: wiki tisa, B6 mg 400 kwa wiki sita, omeprazole mwaka na nusu, kafeini, kiwiko. MRI naiondoa.

Moja tu, kisha nafunga simu: vitaacha kucheza lini?

---

NyundoYaGoti

Nyayo zinaweza kuchukua miezi. Vigimbi huenda visiache kabisa. Kuna watu vinawacheza miaka, hawavitazami. Kipimo cha mafanikio kiwe usingizi wa saa saba na Jumapili ya "nimeweza".

---

Mama_Maabara

Sisimizi, karatasi yako ongeza mstari mmoja. Ukifika dirisha la damu tazama mabomba. La zambarau lina dawa ya kuzuia damu kuganda yenye potasiamu, na kazi ya dawa hiyo ni kunyakua kalsiamu. Likijazwa kwanza na tone likahamia bomba linalofuata, majibu yatatoka potasiamu juu na kalsiamu chini, na utaamini umepata ugonjwa wako. Mwombe kwa adabu: jekundu kwanza, zambarau baadaye.